Farasi wa baharini: Samaki mdogo anayemtoa jasho mfugaji wake

ANAYEMWONA kwa mara ya kwanza nyuma ya kioo huweza kudhani ni pambo lililotoka kiwandani. Kichwa ni cha farasi, mkia ni wa kinyonga, na dume ana mfuko tumboni kama wa kangaruu. Haogelei kwa kulala kama samaki wengine, bali husimama wima, mkia ameufunga kwenye jani, na macho yake huzunguka kila moja kwa upande wake.

Huyo ndiye farasi wa baharini. Ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaopendwa sana na wafugaji wa Marekani, Ulaya na Australia, na anapatikana pia katika pwani ya Afrika Mashariki, kwenye majani ya baharini, kando ya mikoko na karibu na matumbawe.

Lakini samaki huyu ana sifa nyingine ambayo muuzaji asiye mwaminifu haisemi dukani. Ni mgumu mno kulisha. Wengi wa wanaonunuliwa na wafugaji wapya hawamalizi miezi michache, na mara nyingi kinachowaua ni njaa. Hufa njaa huku chakula kikielea mbele ya pua zao.

Kwa mfugaji anayetaka kuingia katika kazi hii, iwe kwa kujifurahisha au kwa biashara, somo la kwanza si kioo wala pampu. Somo la kwanza ni mlo.

Kwa nini anachagua chakula

Jibu liko katika maumbile yake. Farasi wa baharini hana meno, na hana mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula kama samaki wengi walivyo. Anachokimeza hupita haraka kwenye utumbo, kikitoa sehemu tu ya nguvu yake. Kwa hiyo hawezi kula mlo mmoja mkubwa akashinda nao siku nzima. Porini hula kidogo kidogo tangu kunapopambazuka hadi jua linapozama.

Pili, si samaki wa kukimbiza. Yeye ni mviziaji. Hujishikiza kwa mkia, akatulia kama jani, akasubiri mdudu wa baharini au kamba mdogo apite karibu. Mawindo yakifika, huinua kichwa ghafla na kuyavuta kwa mdomo wake ulio kama mrija. Tendo hilo ni la haraka mno, na aliye karibu na tangi huweza kulisikia kama mlio mdogo wa 'tik'.

Tatu, macho yake yamezoea kutambua chakula kwa mwendo. Kitu kisichotikisika, kwake si chakula. Ndiyo maana chakula kikavu cha kopo, kile ambacho samaki wa kawaida hukigombania, kwake ni takataka zinazoelea.

Mfano wa kawaida ni wa mfugaji aliyezoea samaki wa maji baridi. Hununua jozi ya farasi wa baharini waliovuliwa baharini, akawaweka katika tangi dogo na kuwanyunyizia chakula kile kile anachowapa samaki wengine. Siku ya kwanza hawali, naye hudhani wamechoka na safari. Wiki ya kwanza hupita, akadhani bado hawajazoea. Wiki ya pili chakula kinachooza chini ya tangi kimeshachafua maji. Kufikia wiki ya tatu au ya nne tumbo la samaki limeingia ndani, mifupa inahesabika, na mkia hauna nguvu ya kushika jani. Hapo hata akiletewa chakula kizuri, mara nyingi muda umekwisha.

Fedha zimepotea na samaki wamekufa, ilhali mfugaji huyo hakuwa mvivu. Alikosa maarifa tu.

Wa porini au wa kufugwa?

Uamuzi unaookoa fedha nyingi hufanyika kabla ya kununua. Kuna farasi wa baharini waliovuliwa porini, na kuna waliozaliwa na kukulia katika mashamba.

Wa porini mara nyingi huwa na bei nafuu, lakini huja na vimelea, huja wamechoka, na hawajui chakula chochote kisicho hai. Wa shambani bei yake iko juu, lakini amekwisha kufundishwa kula chakula kilichogandishwa na amezoea maisha ya tangi. Mfugaji mpya anayekimbilia bei ndogo hulipa tofauti hiyo baadaye, kwa dawa, kwa chakula hai na kwa kununua samaki wengine.

Mashamba ya aina hii yapo. Kampuni ya Ocean Rider ilianza kuwafuga mwaka 1998 huko Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Beauty Point, Tasmania, kuna shamba la Seahorse World linalozalisha aina yenye tumbo kubwa inayotoka kusini mwa Australia, na wageni huruhusiwa kulitembelea. Vietnam na Sri Lanka nazo zimekuwa zikiuza nje samaki hao waliozalishwa.

Sababu ya pili ya kuchagua wa shambani ni sheria. Aina zote za farasi wa baharini ziko katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano wa Santiago, Chile, Novemba 2002, na ukaanza kutumika Mei 2004. Maana yake ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuwasafirisha kutoka nchi moja hadi nyingine, hai au wakavu, bila kibali kinachothibitisha kuwa biashara hiyo haiangamizi kizazi chao. Aidha, nchi zilishauriwa kutoruhusu wa porini walio na urefu chini ya sentimita 10 kuuzwa nje, ili wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa.

Haja ya tahadhari hiyo inaonekana katika takwimu. Mwaka 2017 watafiti walikadiria kwamba farasi wa baharini wapatao milioni 37 hunaswa kila mwaka katika nchi 21 zilizochunguzwa. Wengi wao hawawindwi kwa makusudi. Huzolewa na nyavu za kukokota pamoja na kamba, kisha hukaushwa na kuingia katika biashara ya dawa za asili za Kichina. Pwani ya Kenya na Tanzania nayo imewahi kuwa sehemu ya biashara hiyo ya wakavu.

Kwa hiyo kijana wa Shimoni au Bagamoyo anayefikiria kuingia majini na chandarua ili apate mtaji wa haraka ajue kwamba kuwaokota tu na kuwauza nje ni njia ya kwenda mahakamani. Ni lazima aanze kwa ofisi ya uvuvi ya eneo lake na kwa mamlaka ya wanyamapori inayotoa vibali vya CITES, ambayo kwa Kenya ni KWS.

Tangi: urefu ni muhimu kuliko upana

Wafugaji wengi hupenda samaki huyu kwa sababu hahitaji uwanja mkubwa. Hilo ni kweli kwa kiasi. Haogelei mbali, na jozi moja ya aina za ukubwa wa kati inaweza kuishi vizuri katika tangi la lita 100 hadi 120. Lakini tangi hilo liwe refu kwenda juu. Kanuni inayotumiwa na wafugaji ni kwamba kina cha maji kiwe angalau mara tatu ya urefu wa samaki akiwa amenyooka. Sababu ni kwamba dume na jike wanapopandana hupanda juu pamoja ili jike ahamishie mayai katika mfuko wa dume. Tangi fupi huwafanya wakose nafasi hiyo, na mayai huanguka chini yakapotea.

Udogo wa tangi una hatari yake. Maji yakiwa machache, kosa dogo huwa kubwa. Kijiko kimoja cha chakula kilichosahaulika ndani ya lita 400 huenda kisionekane, lakini ndani ya lita 60 huweza kuua kila kitu usiku mmoja. Tangi dogo halimpunguzii mfugaji kazi. Humwongezea.

Kabla ya samaki kuingia, tangi lazima 'liive'. Kichujio huachwa kikifanya kazi kwa wiki nne hadi sita ili bakteria wazuri wajenge makazi. Bakteria hao huibadilisha amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na ukali mkubwa. Vipimo vikionyesha amonia sifuri na nitriti sifuri, ndipo samaki huletwa. Nitrati nayo isipande kupita miligramu 20 kwa lita.

Mkondo wa maji uwe wa wastani. Ukiwa mkali, samaki hutumia nguvu zake zote kujishikilia na chakula humpita kabla hajakiona. Ukiwa umelala kabisa, uchafu hukusanyika kwenye kona. Mdomo wa pampu unaovuta maji ufungwe kwa sponji, kwa sababu samaki huyu hushika chochote kwa mkia, na mikia mingi imekatika kwa njia hiyo.

Vituo vya kujishikiza ni vya lazima. Mwani, majani ya plastiki, kamba laini au vijiti visivyo na ncha kali vyote vinafaa. Asiye na pa kushika huwashika wenzake, na wote hawapumziki.

Joto, chumvi na maji

Wafugaji wa nchi za baridi huhangaika kupasha maji joto. Wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huhangaika kuyapoza.

Maji ya tangi ndani ya nyumba ya pwani hufika nyuzi 29 au 30 kwa urahisi wakati wa kaskazi. Mtu anaweza kuuliza: si bahari yenyewe ina joto hilo? Ni kweli, lakini bahari ni kubwa na maji yake hubadilika kila saa. Katika tangi, joto la juu huwapa nguvu bakteria wa aina ya vibrio, ambao ni adui mkubwa wa farasi wa baharini. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huwaweka wale wa maji ya joto katika nyuzi 22 hadi 24.

Mashine ya kupoza maji ina bei na hula umeme. Njia nafuu ni feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, ambayo huweza kushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya maji yapae, ingawa pwani penye unyevunyevu mwingi haifanyi kazi vizuri kama bara. Mfugaji wa Nairobi au Arusha ana nafuu ya joto, lakini usiku wa Julai atahitaji kipasha maji, na bahari iko mbali naye.

Maji yanayopaa kwa feni yarudishwe kwa maji matamu yasiyo na klorini, si kwa maji ya bahari. Chumvi haipai. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku hujikuta baada ya mwezi ana tangi chungu kuliko bahari yenyewe.

Aliye mbali na pwani hutumia chumvi maalumu ya akwaria, takriban gramu 35 kwa kila lita. Tangi la lita 100 huchukua kilo tatu na nusu kwa kuanzia, na kila anapobadilisha asilimia 20 ya maji huhitaji gramu 700 nyingine. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu haina kalsiamu, magnesi na madini mengine yaliyomo baharini.

Aliye pwani anaweza kuchota, lakini kwa akili. Achote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mito na mabomba ya maji taka, na si baada ya mvua kubwa za masika. Dumu liwe safi, lisiwe limewahi kubeba mafuta wala sabuni.

Kumfundisha kula

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chakula kinachotegemewa duniani kote kwa farasi wa baharini wakubwa ni misisi, aina ya vijikamba vidogo vya maji, waliogandishwa kwenye barafu. Wana mafuta na protini ya kutosha. Samaki aliyetoka shambani huwa anawajua tayari. Wa porini lazima afundishwe, na mafunzo hayo huchukua wiki kadhaa.

Mfugaji huanza kwa chakula hai: artemia wakubwa au uduvi wadogo walio hai. Lengo la siku hizo za mwanzo ni moja tu, samaki ale na apate nguvu. Akishazoea kula mbele ya watu, vipande vya misisi walioyeyushwa huchanganywa na wale walio hai. Katika vurugu ya kuwinda, samaki humeza kilichokufa bila kutambua. Siku zinavyokwenda, walio hai hupunguzwa na waliogandishwa huongezwa.

Wanaokataa husaidiwa kwa mrija mrefu wa plastiki. Mfugaji huvuta misisi mmoja ndani ya mrija, akamsogeza taratibu mbele ya mdomo wa samaki na kumtikisa kidogo ili aonekane kama anaogelea. Ni kazi ya subira. Kuna atakayekubali siku ya tatu, na kuna atakayekubali baada ya mwezi. Anayepungua mwili arudishwe kwenye chakula hai mara moja kabla ya kujaribu tena.

Misisi huyeyushwa, wakasuuzwa kwa maji safi na kumwagwa mahali pamoja kila siku, kwa mfano ndani ya ganda la kome lililowekwa kwenye kona tulivu. Baada ya siku chache samaki huijua sahani yao na hukusanyika wenyewe wanapomwona mlishaji. Hula mara mbili kwa siku, na wengine hupewa mara tatu. Mabaki hufyonzwa ndani ya saa moja.

Mfugaji asiondoke kabla ya kuhakikisha kila mmoja amekula. Tumbo la samaki aliyeshiba ni la duara kidogo au bapa. Likianza kubonyea ndani, hiyo ni dalili ya kwanza, na hakuna haja ya kusubiri ya pili.

Hesabu yake ni rahisi. Milo miwili kwa siku ni milo 730 kwa mwaka. Farasi wa baharini wa ukubwa wa kati akitunzwa vyema huweza kuishi miaka minne, yaani milo karibu 3,000. Anayesafiri mara kwa mara, au asiye na mtu wa kumwachia kazi hiyo, atafute samaki mwingine.

Artemia: shamba ndani ya chupa

Kila mfugaji wa samaki huyu, hata mwenye friji iliyojaa misisi, hushauriwa kujua kutotoa artemia. Hawa ni viumbe wadogo jamii ya kamba wanaoishi katika maji ya chumvi kali. Mayai yao hukaushwa na kuuzwa kwa makopo, mengi yakitoka katika ziwa la Great Salt Lake, Utah, Marekani, na huweza kukaa miaka yakiwa makavu.

Kutotoa hakuhitaji mtambo. Chupa ya plastiki ya lita mbili hukatwa kitako na kugeuzwa juu chini. Hutiwa maji ya chumvi lita moja na mayai kijiko kidogo, kisha mrija wa pampu ya hewa huingizwa hadi chini ili mayai yasitulie. Katika joto la nyuzi 26 hadi 28 na mwanga wa kutosha, huanguliwa baada ya saa 24 hivi.

Hewa ikizimwa, maganda hupanda juu na vifaranga hubaki chini, wakikimbilia penye mwanga. Hufyonzwa kwa mrija mwembamba, wakachujwa kwa kitambaa na kusuuzwa. Maganda yasiingie kwenye tangi, kwa kuwa huweza kuziba utumbo wa samaki wadogo.

Wakilishwa mwani wa chembechembe, hamira kidogo au maji ya pumba laini za mchele, artemia hukua na kuwa wakubwa kwa wiki mbili hadi tatu. Lakini artemia mkubwa aliyeachwa bila kulishwa vizuri ni ganda tupu. Hana yale mafuta muhimu ambayo samaki wa baharini hawawezi kujitengenezea. Ndiyo maana hulowekwa kwa saa 12 hivi katika maji yenye mwani au mafuta maalumu ya samaki, ili wajaze matumbo kabla ya kuliwa. Chakula ni kile kilicho ndani ya tumbo la artemia.

Kwa wakazi wa pwani, uduvi wabichi ni nyongeza nzuri, wale wadogo wanaoweza kupita katika mdomo wa samaki. Wagandishwe wakiwa wabichi. Uduvi wa sokoni waliokaushwa kwa chumvi ni kitoweo cha binadamu, hawamfai samaki huyu.

Majirani wabaya

Mlaji mzembe hawezi kuishi na walafi. Samaki wepesi humaliza chakula kabla farasi wa baharini hajageuza shingo. Kaa humshika mkia. Wanyama wa baharini wenye mikono inayochoma humuunguza anapojaribu kuwashika. Konokono wadogo wanaosafisha tangi wanafaa, lakini salama zaidi ni kumpa tangi lake peke yake.

Magonjwa yanayomsumbua zaidi ni ya bakteria, yanayoonekana kama vidonda vyeupe kwenye mkia au mdomo, na ya mapovu ya hewa yanayojitokeza chini ya ngozi au ndani ya mfuko wa dume. Kinga ni maji safi, joto la chini na kuwatenga wageni katika tangi la pembeni kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuwachanganya na wenyeji.

Baba mzazi

Kinachowavutia wengi ni uzazi wake. Jike humkabidhi dume mayai, naye huyabeba katika mfuko wake kwa wiki mbili hadi nne kutegemea aina na joto la maji. Siku ikifika, dume hujikunja na kujikunjua akiwatema watoto, mara nyingi mamia kwa mkupuo mmoja.

Mfugaji mpya akiona hivyo huanza kupiga hesabu ya fedha. Asubiri kwanza. Watoto wa aina kama Hippocampus kuda, inayopatikana pia katika pwani yetu, huzaliwa wadogo mno. Siku za kwanza wengi hawawezi kumeza hata artemia aliyeanguliwa leo. Huhitaji viumbe wadogo zaidi, rotifa au kopepodi, ambao nao hufugwa kwa mwani wa chembechembe. Hiyo ina maana ya kuwa na mashamba matatu: la mwani, la vijidudu na la samaki. Moja likianguka, yote huanguka. Aina kama Hippocampus erectus ya Atlantiki huzaa watoto wakubwa kidogo wanaoweza kuanza na artemia, na ndiyo sababu hupendwa na wazalishaji wengi.

Watoto hulishwa mara kadhaa kwa siku. Wakimeza hewa juu ya maji huelea na kufa. Umeme ukikatika usiku kucha bila pampu ya betri, kizazi kizima huweza kupotea. Porini ni wachache sana kati ya mamia hao wanaofikia utu uzima, na katika tangi la mwanagenzi hali huwa haina tofauti kubwa.

Fedha iko wapi?

Kwa mwenye mtaji mdogo, kuanzisha shamba la kuuza farasi wa baharini nje ya nchi si kazi ya mwaka wa kwanza. Inataka maabara ya chakula hai, vibali, wataalamu wa magonjwa na ndege ya kuaminika. Anayeahidi faida ya haraka asikilizwe kwa sikio moja.

Hata hivyo, ndani ya ugumu huu kuna biashara nyingine iliyojificha, nayo ni chakula chenyewe. Mtu anayeweza kutotoa artemia bila kukosa, kukuza mwani na kugandisha uduvi safi katika vipande vidogo, amejifunza kazi inayohitajika mbali na akwaria. Watotoleshaji wa vifaranga wa kambare hutegemea artemia kwa siku za mwanzo za kulisha, na makopo mengi ya mayai hayo hununuliwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Wazalishaji wa mbegu za kamba wana hitaji hilo hilo.

Kwa Kenya jambo hilo halikuanza jana. Katika miaka ya 1980 artemia walipandwa katika mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, nao wakazoea mazingira na kuendelea kuzaana. Kuna mabwawa ya chumvi pia katika pwani ya Tanzania. Mahali ambapo wengi huona jua kali na chumvi tu, mfugaji aliyewahi kuhangaika na samaki mteule huona ghala la chakula.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio wenye busara ni huu. Mwezi wa kwanza, tangi liive bila samaki. Katika mwezi huo huo ajifunze kutotoa artemia hadi afanikiwe mara tano mfululizo. Mwezi wa pili atafute muuzaji anayeweza kuonyesha samaki wa shambani wakila chakula kilichogandishwa mbele ya macho yake. Asipoonyeshwa, arudi nyumbani na fedha zake. Anayeonyeshwa na anunue jozi moja tu, si sita.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa samaki huyu methali hiyo ndiyo kanuni ya ufugaji. Yeye mwenyewe hana haraka: hujifunga kwenye jani lake akasubiri mawindo yamfikie. Anayemfuga naye awe amesimama mbele ya kioo, mrija mkononi, asubuhi na jioni, akihesabu matumbo.